Dakika Tano za Murshid

Walijuana kwa ugomvi, kwenye kituo cha bisi cha Rumonge, katikati ya madumu ya mawese na ndoo za samaki. Asya alikuwa ameachwa na bisi, na mwenye kosa kasimama mbele yake kavaa shati jeupe lenye jina la programu ya bisi.

"Ni wewe umetengeneza hii programu ya kusema bisi inafika saa ngapi? Dakika tano, dakika tano, mpaka nimeota mizizi!"

Murshid akacheka, akaomba samahani, kisha akaomba na namba ya simu. Mapenzi yakaanzia hapo.

Leo hakuna wa kucheka. Murshid anatoka Nyanza-Lac kwa bisi na wajomba zake kuleta posa hapa Rumonge, na Mzee Hamdan, baba yake Asya, ameshavaa viatu vya safari.

"Alasiri ikipita naenda Bujumbura," alisema. "Mutu anayechezea saa yangu atachezea na mutoto wangu. Nikiondoka, hiyo maneno imeisha."

Asya, ndani ya gauni la kijani aliloshona kwa siku hii, alitazama simu. Bisi itafika: dakika tano. Akaenda kupanga vikombe, akarudi. Dakika tano! Adhana ya alasiri ikalia. Akampigia Murshid.

"Uko wapi?"

"Dakika tano, roho yangu."

"Murshid! Usinisomee programu. Uko wapi?"

Murshid akajibu kwa aibu: "Kigwena, bado njiani. Dereva anapakia mawese. Tutatoka saa ngapi, sijui. Niliogopa ukisikia 'sijui' utakata tamaa."

"Uongo ndio unanikatisha tamaa! Andika kwenye programu yako kile unachokiona kwa macho yako!"

Akakata, akamkimbilia baba yake, ambaye tayari alikuwa anafungua mlango wa gari.

"Baba, wako Kigwena, bisi inapakia mawese. Saa ya kufika haijulikani."

Mzee akageuka. "Kigwena? Kwa nini hukusema tangu mwanzo? Mutu aliye Kigwena anafika. Huyo wa dakika tano ndiye sijawahi kumuona." Akainama, akavua viatu. "Weka maji ya chai."

Asya nusura alie. Simu ikatetemeka, zile dakika zimefutwa. *Bisi imeonekana Kigwena. Bado inapakia. Saa ya kuondoka haijulikani.* Akaisoma tena na tena, mpaka maneno yakabadilika: *Imeondoka Kigwena.*

Murshid akapiga. "Mpenzi, utanikubali kweli?"

"Haijulikani," Asya akajibu, huku akiongeza vikombe vya wajomba.