Nusu Kichwa kwa Maji ya Bomba

Msusi alifika ofisi ya maji saa tatu asubuhi akiwa na chupa mbili za maji, kishungi cha nywele ndani ya bahasha, na hasira aliyoilea tangu juzi. Foleni ilikuwa imeshatoka nje ya mlango. Wenzake walikuja kulalamikia ankara, mita na mabomba yaliyopasuka. Yeye peke yake ndiye aliyekuja kulalamikia nywele, na alilijua hilo, na hakujali.

Alivaa gauni la rangi ya maziwa lililomshika vizuri kiunoni, raba nyeupe na hereni kubwa za mbao. Lakini ukimwona mara ya kwanza huoni hayo. Unaona nywele: kipilipili halisi, nyingi, zimejikunja pete kwa pete mpaka mabegani, zinang'aa na hazinati. Hazikuwahi kuonja dawa ya kulainisha tangu azaliwe, na mama yake ndiye aliyeziosha kila msusi alipokwenda kumtembelea. Saluni yake haikuwa na tangazo lingine zaidi ya kichwa chake.

Karani wa dirishani alimsikiliza mpaka alipofika kwenye neno nywele, kisha akageuka na kumwita mtu wa chumba cha nyuma. Alitoka mpima maji, mwanamume mrefu mwenye koti jeupe la maabara lenye doa la wino mfukoni. Kofia yake ya kitambaa ilikaa juu juu kama kifuniko cha sufuria inayochemka, kwa sababu chini yake kulikuwa na nywele zisizotaka kufunikwa.

"Nakusikiliza, dada."

"Maji yenu yanaharibu vichwa vya watu, kaka."

"Vichwa vingapi?"

Msusi alikuwa amejiandaa kuchekwa. Swali hilo halikuwa kwenye maandalizi yake. "Kumi na vinne," alisema. "Sabuni ni ileile aliyonifundisha mama kupika. Mafuta ni yaleyale, mikono ni hiihii. Miezi mitatu sasa nywele zinatoka timtim. Kavu, zina weupe kama vumbi la chaki, chanuo halipiti."

"Huwa unachana zikiwa kavu?"

"Kaka, mtu anayechana kipilipili kikavu anatakiwa afikishwe mahakamani. Nalowesha, napaka, naanzia nchani napanda juu taratibu. Wewe hizo zako unazichana na nini?"

Mpima maji aliigusa kofia yake. "Sizichani. Nazifunika."

Wanawake wawili nyuma yake kwenye foleni walicheka. Msusi akasukuma chupa zake na ile bahasha dirishani. "Basi njoo saluni Jumamosi. Mimi nitaangalia kichwa, wewe unipimie maji."

"Itaonekana rushwa hiyo."

"Usiogope. Kwa kichwa hicho, hakuna atakayeamini kwamba umehongwa."

Mpima maji akacheka, kisha akainama kuandika. Msusi alipinda shingo kuisoma fomu, akaona kwamba kila alichosema kimeandikwa kama kilivyo, mpaka neno timtim. Alitoka pale akiwa hana hasira tena, na jambo hilo lilimkera kidogo njia nzima.

Jumamosi mpima maji alikuja kweli. Alikaa kitini saa tatu nzima. Msusi alizigawa nywele zake mafungu manne, akazifungua kwa vidole bila kuvuta, akaosha, akapaka mafuta, akasokota vijisokoto vidogo kimoja baada ya kingine. Pembeni yao, mwalimu wa sekondari ambaye alikuwa mteja wa tangu saluni ilipofunguliwa alikaa na mfuko wa mvuke kichwani, akijifanya anasahihisha madaftari.

"Hakuna aliyewahi kunishika kichwa bila kulalamika," alisema mpima maji.

"Hata mama yako?"

"Mama alikuwa ananipeleka kwa kinyozi ili apumzike."

Mwalimu aliacha kujifanya. "Kijana, umeoa?"

"Bado, mwalimu."

"Nauliza tu," alisema mwalimu, akarudi kwenye madaftari yake.

Mpima maji alikuja Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, na katikati ya Jumamosi kukawa na simu. Alikuwa akipiga mchana wakati wa chakula. Msusi alikuwa akiibana simu kwa bega huku vidole vikiendelea na kichwa cha mtu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakula nikimaliza hiki kichwa. Wewe leo umezifunga na kile kitambaa laini nilichokupa?"

"Nimezifunga. Mkuu wangu wa kitengo ameniuliza kama naumwa meno."

"Mwambie unaumwa mapenzi."

"Nimemwambia naumwa meno."

Siku moja msusi alimpa kipande cha ile sabuni nyeusi, kizito, kimefungwa kwenye karatasi. Ilikuwa ya majivu na mafuta ya nazi, ikipikwa nusu siku kwa kukorogwa upande mmoja tu. Mama yake aliishi kwa sabuni hiyo na alimsomesha kwayo. Hakuna mteja aliyewahi kuruhusiwa kwenda nayo nyumbani. Mpima maji aliipokea kwa mikono miwili.

"Na majibu ya maji yangu?" msusi alimuuliza siku hiyohiyo kwenye simu. "Mwezi umepita."

"Foleni ya vipimo ni wiki sita. Siwezi kuruka foleni kwa sababu nakupenda."

Vidole vya msusi vilisimama kichwani. Mteja wake alimwangalia kwenye kioo.

"Rudia," alisema.

"Foleni ya vipimo ni wiki sita."

"Sio hapo."

Akarudia pale alipotakiwa kurudia.

Barua ilifika Jumanne, saluni imejaa. Msusi alikuwa na mafuta mpaka viwikoni, kwa hiyo akamwomba mwalimu amsomee. Mwalimu alisoma kwa ile sauti yake ya darasani inayofika dawati la mwisho. Maji ya eneo lako yamepimwa na yanafaa kwa matumizi yote ya nyumbani. Unashauriwa kuchunguza bidhaa unazotumia. Chini palikuwa na sahihi, na sahihi ilikuwa ya mpima maji.

Wateja wanne walilitazama kopo la sabuni nyeusi lililokuwa juu ya kabati, wakaacha kulitazama wote kwa pamoja. Kesho yake mteja wa Alhamisi alipiga simu kusema ana mafua. Wa Ijumaa naye akawa na mafua.

"Hii sahihi ni yako?" msusi aliuliza kwenye simu.

"Ni yangu."

"Na hiyo ya kuchunguza bidhaa, umeiandika wewe?"

"Hiyo iko kwenye kila barua. Ilichapwa kabla sijaajiriwa."

"Kwa hiyo uliiona, ukaiacha."

"Niliiona."

"Hukukumbuka kwamba bidhaa yenyewe ni ya mama yangu."

"Mpenzi, nimeyapima hayo maji mara tatu. Hayana kosa."

"Basi mwenye kosa ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Umesaini hivyo," alisema msusi, akakata simu.

Tumpe kila mtu haki yake. Mpima maji hakusema uongo. Fomu yake iliuliza kama maji yana vijidudu, yana sumu, yana chumvi ya kupita kiasi, naye alijibu alichoulizwa. Lakini kwa msusi jambo halikuwa fomu. Kama sabuni ile ilikuwa mbovu, basi kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiwaharibu watu walioinamisha vichwa vyao mbele yake kwa kumwamini, na mama yake alifanya hivyo maisha yake yote. Angelazimika kuwafuata mmoja mmoja awaambie, kisha afunge mlango. Na mtu pekee ambaye neno lake lingeweza kumwokoa ndiye aliyeweka sahihi dhidi yake. Bado alimpenda, na hilo lilimuudhi kuliko barua.

Kwa wiki tatu simu ilipoita aliigeuza kifudifudi mezani. Wateja wakapungua. Aliokoa muda mwingi, na hakuwa na cha kuufanyia.

Jumamosi ya tatu, karibu saa nne, mpima maji aliingia na dumu la maji mkononi. Hakuwa na kofia. Alikuwa amevaa shati la bluu lililopigwa pasi vizuri, na juu ya shati hilo kulikuwa na kichwa ambacho watu waliokuwemo wangekisimulia kwa muda mrefu. Upande wa kushoto nywele zilijikunja pete kwa pete, nyeusi, laini. Upande wa kulia zilisimama timtim, zimepauka, zimeshikana, zina weupe mpaka kwenye mizizi. Mstari wa katikati ulikuwa umenyooka kabisa.

Mwalimu alivua miwani. "Kijana, umepatwa na nini?"

"Shikamoo, mwalimu. Naomba niseme mbele ya watu, kwa sababu barua ilisomwa mbele ya watu." Aliweka dumu chini. "Kote nimeosha kwa sabuni moja, ile ya mama yake. Huku kulia nimetumia maji ya bomba ya mtaa huu, nakuja kuyachota pale kwenye bomba la kona. Huku kushoto nimetumia maji ya maabara, kama haya ya kwenye dumu, yaliyogeuzwa mvuke yakarudi kuwa maji, hayana kitu ndani. Wiki tatu sasa. Kazini wameacha kuniuliza."

Msusi alifuta mikono, akamwendea, na hakumsalimia. Aliingiza vidole upande wa kushoto, vikapita. Akaingiza upande wa kulia, vikakwama, na alipovitoa kucha zilikuwa na utando mweupe.

"Endelea," alisema.

"Miezi michache kabla hujaja ofisini, mtaa huu ulihamishiwa kisima kirefu. Maji yake yana chokaa. Ukiyanywa hayakudhuru, na fomu yangu inauliza habari ya kunywa. Ila sabuni ya kupika kwa mkono ikikutana na chokaa inaganda, na inagandia kwenye nywele. Sabuni haina kosa. Maji hayana kosa. Nilichokosea mimi ni kupima kimoja na kukiacha cha pili."

"Na kusaini."

"Na kusaini. Samahani."

Msusi alichukua simu, akampigia mama yake aliyeishi mji mwingine, akaweka sauti ya wazi ili kila mtu asikie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, wewe ulikuwa unaosha vichwa vya watu kwa maji gani?"

"Ya mvua. Yale ya pipa. Kwani wewe unaosha kwa maji gani?"

"Ya bomba."

"Ya bomba," alirudia mama, kama mtu anayehakikisha habari ya msiba.

"Hukuwahi kuniambia, mama."

"Kila siku uliniona nikichota pipani. Nikadhani una macho."

Saluni nzima ilicheka, na msusi akacheka nao, akajikuta amekaa kwenye kiti cha wateja. Hakuwaharibu watu kwa makusudi, wala mama yake hakuwahi kumharibu mtu. Alimtazama mwanamume aliyesimama mbele yake.

"Wiki tatu umetembea mjini hivyo?"

"Ndiyo."

"Kwenye vikao je?"

"Kimoja. Na mkurugenzi."

"Ungeweza kuniandikia barua nyingine."

"Barua ulishaipata. Nilitaka nikuletee kitu unachoweza kukishika."

"Na mvua utaipata wapi hapo?" mama aliuliza kwenye simu. "Si uko chini ya ghorofa tatu?"

Ilikuwa kweli. Paa lilikuwa mbali huko juu, la mwenye nyumba, limejaa matangi na antena za wapangaji. Msusi aliutazama mkono wake uliokuwa na utando mweupe. "Sina paa, mama," alisema. "Itabidi sabuni yako niiache. Nitatumia ya dukani." Sauti yake haikutetemeka, lakini mwalimu aliinamisha kichwa.

"Mimi ninalo," alisema mpima maji.

"Unalo nini?"

"Paa. La bati, lina mteremko mmoja kuelekea uani. Nyuma panatosha mapipa mawili na kiti cha kuoshea, na wateja wataingilia geti la pembeni." Nusu ya kichwa chake ilionekana ya bwana harusi na nusu ya mtu aliyeokolewa kwenye moto. "Wewe utaingilia mlango wa mbele. Nataka kukuoa. Na ningekuambia hivi hata kama bati lingekuwa linavuja."

Mfuko wa mvuke wa mwalimu uliendelea kufoka na hakuna aliyeuzima.

"Nani huyo anaongea?" mama aliuliza.

Msusi aliinuka, akamkalisha mpima maji mahali alipokuwa amekaa yeye, akaweka mikono yote miwili kichwani pake, mmoja upande uliopitika na mwingine upande uliogoma. Alimtazama kwenye kioo mpaka naye akamtazama.

"Nauliza, ni nani huyo?"

"Ni mchumba wangu, mama," alisema, akalivuta dumu karibu kwa mguu. "Atakuja kukusalimia. Ngoja kwanza nimwoshe."