Swali la Mafuriko

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tamsin Holroyd alishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba kumwaga maji ya mashine inayofyonza unyevu. Kazi hiyo ilikuwa yake tangu Mto Calder ulipoingia mle ndani, majira ya baridi mawili yaliyopita. Hakuipenda hata kidogo, maana mlinuka kama soksi zilizosahauliwa kwenye mkoba.

Jumamosi moja alishuka asiikute mashine. Baba yake, Desmond, alikuwa ameificha kwenye buti la gari. Alama ya maji ukutani nayo haikuonekana, ilikuwa imepakwa rangi nyeupe.

"Baba, kuna nini?"

"Mnunuzi anakuja. Fungua madirisha, halafu uangalie mkate usiungue. Nyumba inukie mkate, siyo mambo mengine!"

Baba hakutulia tangu alfajiri. Mara apige deki, mara achungulie barabarani. Tamsin alimwelewa. Mama yake alikuwa mjini Whitby, miezi minne sasa, akimwuguza bibi aliyevunjika nyonga. Walishapata nyumba ya kununua huko, lakini bila kuuza hii wasingeweza, na mwenye ile alisema hangoji zaidi ya mwisho wa mwezi. Tamsin alimkumbuka mno mama yake.

Mnunuzi alikuwa Bi. Farzana, mshonaji wa nguo za maharusi kutoka Halifax. Alipoona chumba cha chini alipiga makofi.

"Loo! Vitambaa vyangu vyote vitakaa hapa. Eti binti, huku maji hayaingii?"

Baba alikohoa pale ngazini.

"Hayaingii," Tamsin alijibu. "Ni pakavu kabisa."

Bi. Farzana akamshika bega na kumshukuru. Siku iliyofuata alisema nyumba ameipenda na atainunua.

Tamsin hakupata raha tena. Mvua ikinyesha, alishuka chini kutazama. Darasani aliitwa mara mbili asisikie. Jumanne baba alikaa jikoni kujaza fomu ambayo muuzaji humpa mnunuzi kupitia kwa wakili. Alipofika kwenye swali kama nyumba imewahi kuingiwa na mafuriko, kalamu ilisita, kisha ikaweka alama penye "Hapana".

"Lakini maji yalinifika hapa!" Tamsin alijishika kiunoni.

"Yalikuja mara moja tu. Kwani tumeua mtu?"

"Ukiulizwa je?"

"Tam, unataka kumwona mama yako au hutaki?"

Tamsin akapanda chumbani kwake, machozi yakimlenga.

Kesho yake, baada ya shule, walipeleka fomu kwa wakili wao, Bi. Sugden, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Aliisoma ukurasa kwa ukurasa huku Tamsin akijipinda kitini.

"Bwana Holroyd, haya yote ni kweli?"

"Kweli tupu."

"Si kweli!" Tamsin aliropoka. "Maji yaliingia! Na mimi nimemdanganya Bi. Farzana, nikamwambia ni pakavu!" Akaangua kilio.

Masikio ya baba yaliiva kwa aibu. "Mtoto anasema kweli," alisema.

"Afadhali limetoka leo," alisema Bi. Sugden. "Kabla hamjabadilishana mikataba iliyotiwa saini, Farzana anaweza kujitoa, na wewe pia, bila kesi. Lakini angenunua kwa kuamini karatasi hii, halafu maji yakaja, angekushtaki hata ukiwa huko Whitby."

Baba alirekebisha jibu kwa mkono wake. Jioni Tamsin akaomba simu.

"Bi. Farzana, nilikudanganya. Maji yaliwahi kuingia. Nisamehe."

"Niache nifikiri," Bi. Farzana alisema, akakata simu.

Siku mbili zikapita bila habari. Baba alizunguka meza hadi Tamsin akaona kizunguzungu. Mwenye nyumba ya Whitby alipiga simu mara mbili.

Jumamosi Bi. Farzana alirudi na fundi wa kukagua nyumba, wakashinda chini saa nzima. Alipopanda alisema atanunua, ila bei ishuke na baba aweke pampu ya kutoa maji chumba cha chini. Baba alikubali papo hapo. Bi. Sugden naye akampata mwenye nyumba ya Whitby, ambaye kwa kunung'unika sana aliwaongezea wiki mbili.

Kabla ya kuondoka, Bi. Farzana alimgeukia Tamsin.

"Nina magauni kumi na mawili ya watu, binti. Yote ningeyapanga chini, kwa sababu ulisema ni pakavu. Yangelowa, ningewaambia nini maharusi wale?"

Tamsin hakuwa amewawazia maharusi hata mara moja.

Mlango ulipofungwa, baba alikaa naye ngazini.

"Uongo ule nilikutia mdomoni mimi, na nisamehe," alisema. "Nilimkumbuka mama yako tu, nikasahau kwamba kuna mtu atakayelala humu baada yetu. Mtu akikuuliza jambo, Tam, ni kwa sababu kuna kitu chake anataka kukiweka juu ya jibu lako. Mpe jibu la kweli, hata kama litakuchelewesha kufika kwa mama."