Jina la Mchoma Makaa

Haya yalimpata Loise, binti wa mama yangu mdogo, Agosti iliyopita. Alikuwa akimhudumia mzee wa Kijerumani, Bwana Köhler, katika villa moja ya mtaa wa Al Twar, huko Uarabuni.

Asubuhi hiyo zilifika nakala za kitabu cha kanisa cha kijiji cha mababu wa mzee, maana alikuwa akichora ukoo wake. Alimweleza Loise kwamba Köhler maana yake ni mchoma makaa. Loise akacheka, akamwambia baba yake pia huchoma makaa huko nyumbani Mutomo, ila yeye hakuna anayemwita bwana.

Mzee akaendelea kusoma, akimtafsiria Loise. Kumbe wa kwanza kubeba jina hilo walikuwa ndugu wawili, Jakob na Veit. Veit alipanda juu ya tanuru la udongo la kuchomea makaa azibe ufa, likabomoka, akatumbukia. Jakob alijua akiliacha wazi, hewa itaingia na makaa yote yatageuka majivu. Akalifukia shimo kwa koleo. Ndugu yake aligonga kutoka ndani mpaka jioni.

"Huyu Veit simwandiki," mzee akasema.

Loise alikosa raha. Kwao, aliyekufa vile hanyimwi jina.

"Sir, mwandike tu."

Mzee akatikisa kichwa.

Saa saba mchana nyumba ikanuka moshi. Loise akakagua jiko. Limezimwa. Akatoka uani. Jua tu. Akapanda juu, akashuka, akapanda tena. Aliporudi sebuleni, vigae vya sakafu vilikuwa vya moto, kandambili zikinata.

Kisha akasikia. Ngo. Ngo. Ngo.

Chini ya kiti cha mzee. Na chini ya vigae vile ni saruji, na chini ya saruji ni mchanga mtupu.

Mzee alinong'ona, "Leta zulia, Loise. Funika."

Loise hakufunika. Alinyakua kalamu, akaandika Veit kando ya Jakob kwenye mchoro wa ukoo. Kugonga kukakoma. Akageuka amwambie mzee yamekwisha.

Mzee alikuwa amekufa, macho yakitazama sakafu.

Daktari alisema ni moyo. Polisi walimhoji Loise, wakamwachia.

Siku alipokuwa akifungasha, mwenye villa alileta fundi abadilishe kigae kilichopasuka pale chini ya kiti cha mzee. Fundi akakiinua, akamwita Loise kwa sauti ya chini. Kwenye saruji kavu palikuwa na alama ya kiganja, vidole vitano vimetanuka. Haikuwa imedidimia. Ilikuwa imetuna kuja juu, kama iliyosukumwa kutoka chini.