Sahihi ya Mama Fundi

Kila asubuhi ya likizo ile ndefu, Chapchap ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka nyumbani kwao. Kabla mama yake hajajigeuza kitandani, yeye alikwisha kuoga, kupiga pasi blauzi nyeupe na kuvisugua viatu mpaka vikang'aa. Mdogo wake wa kiume alikuwa akichungulia kutoka kwenye shuka kwa jicho moja.

"Shikamoo, bosi wa mabenki! Leo utatuletea gunia la noti?"

"Lala wewe," Chapchap alimjibu. "Hela za pale si zangu, ni za wanachama."

Lakini moyoni alifurahi kuitwa bosi, asiwadanganye mtu. Jina la Chapchap alipewa na shangazi yake kwa sababu kila kitu alikifanya mbio: kufua, kula, hata kujibu maswali kabla mwalimu hajamaliza kuyauliza. Mwalimu wake wa hesabu ndiye aliyemtafutia nafasi ya kujifunza kazi katika chama cha akiba na mikopo kilichokuwa karibu na soko. Wenzake wengi walikuwa wanashinda nyumbani likizo hiyo, naye alikuwa na meza, kiti kinachozunguka na kitambulisho kilichoning'inia shingoni.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu. Upande mmoja palikuwa na dirisha la keshia lenye nondo, upande wa pili benchi za wateja, na juu feni iliyozunguka kwa kunung'unika. Chapchap alikaa karibu na meza ya afisa mikopo, kijana mcheshi aliyependa kukunja mikono ya shati. Kazi yake ilikuwa kupokea wateja, kutoa kopi na kuwaonyesha mahali pa kutia sahihi. Katika muda mfupi tu alikuwa ameizoea kazi ile hata keshia akawa anamtania kwamba atamnyang'anya dirisha lake.

Siku moja ya Jumatatu watu walijaa mpaka mlangoni. Afisa mikopo alikuwa anatoka kwenda kukagua duka la mteja, akamwinamia Chapchap.

"Akija mdhamini, msomee karatasi yake yote, neno kwa neno. Umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

Mdhamini ni mtu anayekubali kubeba mzigo wa mkopo iwapo aliyekopa atashindwa kulipa. Hilo Chapchap alilijua. Karatasi ya mdhamini ilikuwa na kurasa mbili zilizobanana maandishi, na kusema kweli, yeye mwenyewe hakuwahi kufika ukurasa wa pili.

Haukupita muda, akaingia muuza viatu aliyetaka mkopo wa kuongeza bidhaa. Nyuma yake alikuja jirani yake wa kibanda, fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia shingoni. Sokoni kote aliitwa Mama Fundi.

"Huyu ndiye mdhamini wangu," muuza viatu alisema. "Tufanyie haraka, binti, nimeacha duka wazi."

Haraka! Neno hilo ndilo Chapchap alilolipenda kuliko yote. Aliitazama foleni, akaitazama karatasi, akaigeuza upande wa mwisho na kuweka kidole penye mstari.

"Hii inahusu nini, mwanangu?" Mama Fundi aliuliza. "Miwani nimeisahau kibandani."

"Ni sahihi tu, mama."

"Sahihi tu?"

"Sahihi tu. Hapa, na hapa."

Mama Fundi akatia sahihi, akacheka kwa furaha. "Basi Ijumaa nitarudi kwa shughuli yangu mwenyewe. Nakuja kuchukua akiba yangu nikanunue mashine ya kushona pindo. Nimepata kazi ya sare za shule nzima, lakini kwa kile cherehani changu kizee siiwezi. Mwenye mashine ananisubiri mpaka Ijumaa, baada ya hapo anamuuzia mwingine."

"Hongera sana, mama!" Chapchap alisema, tena kwa moyo mweupe kabisa. Akamwita anayefuata. Mpaka foleni inakwisha, alikuwa anajiona hana mpinzani.

Afisa mikopo aliporudi, alizipitia karatasi na kuanza kubonyeza kompyuta yake. "Safi. Mkopo wa muuza viatu unatoka leo saa tisa. Na huyu mama, akiba yake naifunga."

Chapchap aliinua kichwa. "Unaifunga vipi?"

"Akiba ya mdhamini haitoki mpaka mkopo umalizike. Si ndiyo iliyoandikwa ukurasa wa pili?" Afisa akageuka. "Ulimsomea, sivyo?"

Hapo ndipo Chapchap alipoharibu zaidi. Mdomo ulitangulia, akili ikabaki nyuma.

"Ndiyo," alisema. "Nilimsomea."

Afisa akaendelea na kazi yake. Chapchap akashika rundo la karatasi na kulipanga, akalipangua, akalipanga tena. Alijiambia kwamba pengine Mama Fundi aliyajua yote hayo. Mtu mzima, mfanyabiashara, atakosaje kujua? Lakini mtu anayejua kwamba akiba yake itafungwa hasemi kwamba anakuja kuichukua Ijumaa. Hilo halikuhitaji mtaalamu wa hesabu.

Wakati wa chakula cha mchana alitoka kununua mkate. Njia ilipita mbele ya kibanda cha Mama Fundi, naye alikusudia kupita akiwa ameinamisha macho. Hakufanikiwa.

"Mwanangu wa ofisini! Hebu njoo uone!"

Mama Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni, akichora mraba kwa chaki ya fundi. Vitambaa vya sare vilikuwa vimepangwa kwenye rafu mpya hadi juu.

"Mashine itakaa hapa," alisema, akajifuta jasho. "Nimepima mpaka nafasi ya mtu wa kukaa nyuma yake. Mwanangu wa mwisho anamaliza shule, nitamfundisha kazi hapa hapa. Unaonaje? Inatosha?"

Chapchap aliutazama mraba ule wa chaki. Alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lingekuwa neno la mwenye ofisi dhidi ya neno la mama aliyesahau miwani. Na wazo hilo ndilo lililomtisha kuliko kufukuzwa kazi.

"Mama, naomba usiondoke hapa," alisema. "Ninarudi sasa hivi."

Alikimbia. Mkate hakununua. Alimkuta afisa mikopo ameketi na meneja, mama mwembamba aliyezoea kuzungumza polepole hata pale alipokasirika. Chapchap akajikaza, akasimama mbele yao na kupasua jipu.

"Sikumsomea Mama Fundi ile karatasi. Nilimwambia ni sahihi tu. Halafu nikasema uongo kwamba nilimsomea. Akiba yake anaihitaji Ijumaa. Tafadhali, mkopo usitoke kwanza."

Afisa alipiga meza kwa kiganja. "Binti! Mimi nimeweka jina langu kwenye kazi hii kwa kukuamini wewe!"

"Najua, kaka. Nisamehe."

Meneja hakupiga meza. Alitazama saa ya ukutani; ilikaribia saa nane. "Simamisha mkopo," alimwambia afisa. "Na wewe nenda ukawaite wote wawili. Mwambie huyo mama aje na miwani yake."

Walipofika, meneja alimpa Chapchap karatasi. "Soma. Tangu juu."

Chapchap akasoma, safari hii bila mbio. Alipofika penye maneno ya akiba kufungwa, Mama Fundi alivua miwani.

"Rudia hapo."

Akarudia. Mama Fundi akamgeukia muuza viatu. "Jirani, wewe ulijua?"

"Nilidhani unajua," muuza viatu alijibu, akikwepa macho yake. "Kwani mimi nitashindwa kulipa?"

"Sijasema utashindwa. Lakini kazi ya sare hainisubiri. Siwezi, jirani yangu. Ungeniambia mapema ningekukatalia kwa heshima, tukanywa chai tukaachana vizuri."

"Basi mmeniaibisha wote," alisema muuza viatu, akatoka bila kuaga.

Meneja aliichana karatasi ile mbele ya macho ya Mama Fundi na kumwomba radhi kwa niaba ya chama. Chapchap naye akaomba yake, machozi yakimtoka. Mama Fundi akaikunja miwani yake.

"Ilibaki kidogo tu unitie hasara bure, mwanangu. Ila umerudi mwenyewe, hukuletwa." Kisha akamshika bega. "Ijumaa ukae dirishani unione nikitoka na hela zangu."

Chapchap alisubiri kuambiwa aache kitambulisho mezani. Badala yake, meneja alimpa adhabu ambayo hakuitegemea: mpaka likizo iishe, wadhamini wote wangesomewa na yeye, kurasa zote mbili, na hakuna kutoa kopi wala kuchezea kiti kinachozunguka.

Siku ya pili muuza viatu alirudi, uso umekunjamana, akiwa na shemeji yake mwendesha mkokoteni. Hakumsalimia Chapchap, naye Chapchap hakumlaumu. Alisoma taratibu, akisimama kila shemeji alipoinua mkono.

"Na huyu asipolipa?" shemeji aliuliza.

"Utalipa wewe, kaka. Na akiba yako haitaguswa mpaka deni liishe."

Shemeji aliiweka kalamu chini, akamtazama muuza viatu kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Basi kila jioni nitapita dukani kwako nione umeuza nini. Na usinipikie hadithi, dada yangu yumo humo humo nyumbani mwako, ataniambia ukweli."

Ofisi nzima ikacheka, hata muuza viatu mwenyewe. Shemeji akaichukua kalamu na kutia sahihi.

Walipoondoka, Chapchap alishusha pumzi. "Mama meneja, nilifikiri atakataa."

"Hata angekataa, ungekuwa umefanya kazi yako," meneja alisema. "Sahihi ni sahihi pale tu mtu anapojua amekubali nini. Vinginevyo ni wino. Watu hawa wanatuletea jasho lao, binti yangu. Ukikosea, sema umekosea siku hiyo hiyo, kabla jasho la mtu halijapotea. Haraka yako itumie hapo." Akamsogezea karatasi nyingine. "Haya, mwite anayefuata."