Ukuta Alioutoboa Kiema

Siku ile mjinga alikuwa Kiema. Tukubaliane hapo kwanza, tusije tukamtafutia mwingine.

Lakini tuanzie nyuma kidogo, hotelini karibu na soko la Machakos, saa saba mchana, watu wakila viwiko vimegusana. Kaluki, gauni la rangi ya haradali, nywele kazibana kwa penseli, alikuwa amesukuma kando sahani ya muthokoi akichora visanduku kwenye karatasi. Kiema, shati jeupe lililopigwa pasi mbele tu, akachungulia.

"Hiyo ni ramani ya ploti?"

"Ni mtandao wa kompyuta. Kiini cha mfumo kinabaki kidogo, kazi yake kubeba ujumbe. Msimamizi wa kadi ya mtandao, yaani programu yake, anakaa hapa. Wa anwani, hapa. Anayeshika mazungumzo na mashine nyingine, huku. Kila mmoja na chumba chake, ukuta katikati. Mmoja akianguka anainuliwa, wengine wanaendelea na kazi."

"Na kila kitu kipite mlangoni? Itatambaa kama kinyonga, dada."

"Wewe ni nani?"

"Kiema. Jumatatu naanza kazi kwa mtu anaitwa Kaluki. Nasikia ni mkali."

"Umesikia vizuri," akasema, akairudia sahani yake.

Miezi sita haikuisha kabla Kiema hajazama penzini.

"Umefika nyumbani, mpenzi?"

"Nimefika. Hii ni simu ya tano, Kiema."

"Si ulinifundisha mtandaoni ujumbe hutumwa tena mpaka ujibiwe?"

Kaluki akacheka mpaka mamake akauliza kutoka jikoni kuna nini.

Wakati huo wakulima wa Kithimani walikuwa wanatafuta mfumo wa kuendesha pampu zao za maji, na Alhamisi wangekuja kuuona wa Kaluki. Alikuwa ameutolea jasho miaka miwili. Ndeti, mkubwa wao ofisini, alilalamikia mwendo wake wa polepole tu. Kiema naye alikuwa na mpango wake: Kaluki ashinde, halafu yeye amwombe wafunge ndoa.

Jumatano akatoboa ukuta. Akamruhusu msimamizi wa kadi aandike moja kwa moja ndani ya chumba cha mazungumzo, bila kutuma ujumbe. Mwendo ukaongezeka maradufu. Hakumwambia mtu. Ilikuwa zawadi.

Alhamisi Kaluki akasimama mbele ya wageni, kitenge cha buluu, viatu vya kisigino.

"Sasa namwangusha msimamizi wa kadi makusudi. Mtaona anavyoinuka, pampu zikiendelea."

Akabonyeza. Msimamizi akaanguka katikati ya kuandika, akaacha takataka nusu nusu chumbani kwa jirani. Jirani akazisoma, naye akaanguka, akasahau kila pampu aliyokuwa akizungumza nayo. Kaluki akabonyeza tena. Wakainuka, wakaanguka. Akabonyeza mara ya tatu. Mgeni mmoja akaokota kofia yake polepole, kwa adabu, kama mtu anayetoka matangani.

Kiema alikuwa nyuma kabisa. Alijua kosa lilipo, hata mstari wenyewe aliujua. Akaketi pale akitazama, kama amefungwa kamba.

Alipiga simu siku tatu. Haikushikwa. Jumatatu akamkuta Kaluki kwenye ngazi za ofisi, mkoba begani.

"Nimeona ulichoandika," Kaluki akasema.

"Nilitaka ushinde."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Nimeshaufuta mstari ule. Wakulima nitawaendea mwenyewe niseme ni mimi. Nimekosa, Kaluki, sijui nifanye nini kingine." Akashika reli ya ngazi. "Alhamisi nilikuwa na swali. Nataka nikuoe. Utakubali?"

Kaluki akahamishia mkoba bega la pili. Bado alimpenda, na hapo ndipo palipouma.

"Kwani unaniuliza ya nini, Kiema? Si nikikataa utatoboa ukuta?"