Chuma Katika Mstari wa Tisa

Injini ilikuwa bado inanguruma Inspekta Régis Fabrègue alipofika, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kupanda juu ya ile mashine ya kuchumia zabibu kuizima. Maiti ilikuwa kifudifudi kati ya mistari miwili ya mizabibu, mkono mmoja chini ya kifua, kofia hatua tatu mbele yake. Nyigu walikuwa wengi kuliko nzi, kwa kuwa maji ya zabibu yalikuwa yamemwagika kila mahali.

"Nani huyu?"

"Yannick Peyre, afande," alijibu Sajini Couderc. "Dereva wa mashine. Miaka thelathini na moja. Ameanguka kutoka juu, mita tatu. Shingo imevunjika."

"Ameanguka au ameangushwa?"

Couderc alipiga magoti, akaonyesha kidole chini ya tumbo la mashine, ambayo ilikuwa imesimama juu ya mstari wa tisa kama mtu aliyepanda punda. Katikati ya majani kulikuwa na chuma, unene wa kidole gumba, urefu wa mkono. Kilikuwa kimefungwa wima kwenye shina la mzabibu kwa uzi mweupe. Fimbo za kutikisia vichala zilikuwa zimekigonga zikakatika, mkanda ukakwama, mashine ikasita ghafla. Peyre alikuwa amesimama, ameinama kuutazama mstari, kama madereva wote wa mashine zile wafanyavyo. Akaanguka, kichwa mbele.

"Chuma hakioti shambani," alisema Fabrègue. "Piga picha. Kifungue taratibu, na uzi wake usiukate fundo. Vyote maabara."

Mwenye shamba, Bernard Bascoul, alikuwa amekaa kwenye tela, uso mweupe kama chokaa. Ilikuwa Septemba ya mwaka 1984, na mashine ile ilikuwa na siku nne tu tangu iletwe.

"Uliupita mstari huu lini mara ya mwisho?"

"Jana saa kumi na moja jioni. Kwa miguu, nikikagua waya. Hakukuwa na kitu."

"Nani alijua mashine ingeanzia hapa leo?"

"Kila mtu. Nilisema mezani, mbele ya wote."

"Una adui?"

Bascoul alicheka kicheko kikavu. "Mwaka jana nilikuwa na wachumaji ishirini na tisa. Mwaka huu wanane, kwa ile mizabibu ya zamani kule juu, mashine haipandi. Wengine ishirini na mmoja niliwaandikia barua wasije. Wahesabu mwenyewe hao maadui."

"Hao wako kwao, Uhispania na kwingineko."

"Wako kwao. Ila kuna Mholanzi mmoja kati ya hawa wanane, Wessel, yuko hapa. Juzi alisimama mbele ya mashine akaitukana matusi ya nguoni. Waulize wenzake."

Mahema yalikuwa manne tu, chini ya miti ya mipopla kando ya kijito, mahali ambapo nyasi bado zilikuwa na alama za mraba za mahema ya miaka iliyopita. Wessel Hoekstra alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mrefu, pua imebabuka kwa jua, vidole vyeusi kwa utomvu wa zabibu. Mwanafunzi. Likizo yake ya tatu mfululizo alikuja kuchuma hapa.

"Uliitukana mashine?"

"Ndiyo."

"Ulisema nini?"

"Nilisema natamani ipasuke."

"Imepasuka. Na mtu amekufa."

Kijana aliinamisha kichwa. "Nimemwona. Jana alinipa sigara."

"Jana, toka saa kumi na moja mpaka giza, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natembea."

"Wapi?"

"Natembea tu."

"Na nani?"

Kijana alianza kubandua utomvu kwenye vidole vyake.

"Hebu sikiliza, kijana. Mimi nimezeeka katika kazi hii. Anayetembea tu hukumbuka angalau mbwa aliyembwekea."

Kijana aliendelea kubandua. Fabrègue alimwashiria Couderc. Pingu zikalia.

Walilipekua hema lake. Hakukuwa na uzi wala chuma. Chini ya mto kulikuwa na barua arobaini na moja, kwa mwandiko wa msichana, nusu Kihispania nusu Kifaransa cha kubabaisha. Inspekta alisoma mbili tu, akazirudisha kwenye mfuko wa plastiki kana kwamba zinamwunguza. Kwake hakuna aliyemwandikia barua tangu talaka, na hiyo ilikuwa miaka sita.

Kituoni aliagiza pingu zifunguliwe, akasukuma kikombe cha kahawa mezani.

"Amparo ni nani?"

Wessel aliruka kama aliyechomwa sindano. "Mmezisoma?"

"Mbili. Amparo ni nani?"

Ndipo kijana akasema, mwanzo kwa shida, halafu kama bomba lililopasuka. Amparo Soriano alikuja kila mwaka na wazazi wake kutoka kijiji kimoja karibu na Murcia. Wiki tatu za mavuno ndizo walizokuwa nazo, yeye upande huu wa mstari na Amparo upande ule, mikono ikikutana katika kichala kimoja. Miezi mingine yote ni barua. Mwaka huu Wasoriano walikuwa miongoni mwa wale ishirini na mmoja. Wessel hakujua; barua ya Amparo ya kumwarifu haikumkuta. Alipanda treni siku mbili, akasimamisha hema lake pale pale, akangoja gari lao.

"Kwa hiyo jana?"

"Kijijini kwao simu iko baa. Mtu anapokea, mwingine anakwenda kumwita. Nilikuwa kwenye kibanda cha simu pale uwanjani. Nilipiga mara sita."

"Alikuja?"

"Kila mara waliniambia wamekwenda kumwita."

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Mjomba wake ni mmoja wa wale wanane. Akijua, hata barua zitakatazwa."

Couderc alitumwa kwa mwenye mkahawa unaotazamana na kibanda cha simu. Alirudi akicheka. "Ameniambia hivi, afande: 'Yule ngongoti? Jana alikioa kile kibanda! Toka saa kumi na moja mpaka saa mbili. Nilimpelekea bia kwa huruma.'"

"Mwache aende," alisema Fabrègue. Na barua zake akampa kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake kabla ya adhuhuri, maabara walipiga simu. Alama za vidole hazikupatikana. Chuma kilikuwa na masizi ya miaka mingi na mafuta ya nguruwe. Uzi ulikuwa wa pamba, ule wa kufungia nyama ya kuoka.

Fabrègue aliweka simu chini polepole. Akachukua koti.

Alifika shambani wakati wa chakula cha mchana. Meza ndefu ilikuwa ghalani, na wachumaji wanane walikuwa wamejikunyata kwenye ncha yake moja, wakinong'ona kama watu wa matangani. Lakini meza ilikuwa imeandaliwa yote, mwanzo mpaka mwisho. Alihesabu sahani. Thelathini.

Honorine Bascoul, mama yake Bernard, alikuwa uani mbele ya moto wa vijiti vya mizabibu, akigeuza soseji. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, aproni nyeusi, mikono minene iliyolisha mavuno arobaini na sita.

"Unatarajia wageni, mama?"

"Mkono umezoea," alisema bila kugeuka. "Nauambia wanane, wenyewe unapanga thelathini."

Inspekta alichuchumaa kando yake. Wavu wa kuchomea ulikuwa wa zamani, vyuma vizito vilivyochomekwa kwenye fremu. Upande wa kushoto kulikuwa na pengo pana, na soseji zote zilikuwa zimesogezwa kulia zisidondoke motoni.

"Chuma kilichokuwa hapa kiko wapi, mama?"

Honorine aligeuza soseji ya mwisho.

"Unacho wewe, mwanangu. Niache niwapakulie kwanza."

Fabrègue alimwacha. Alisimama mlangoni mwa ghala akimtazama anavyozunguka na sinia, anavyomwongezea Wessel viazi bila kuulizwa. Wachumaji walipopanda tena mlimani, Honorine alijifuta mikono, akaketi. Couderc alifungua daftari.

"Ulikiweka lini?"

"Juzi jioni. Bernard alikuwa amekwenda mjini. Nilikificha chini ya aproni."

"Ulitaka Peyre afe?"

"La hasha!" Sauti yake ilipasuka kwa mara ya kwanza. "Nilidhani chuma kitavunja chuma. Basi. Ingevunjika, mafundi wangechukua wiki mbili, na zabibu hazingoji mtu. Bernard angelazimika kupeleka simu ya maandishi: njooni. Wangekuja. Wasoriano, wale ndugu wawili wa Lorca, na wale wasichana wa Kiskoti wanaoimba vibaya. Wote."

"Asubuhi ile ulimwona Peyre?"

"Alikunywa kahawa hapa. Alisema jamu yangu ni nzuri, akaomba tena." Alitazama meza. "Nilinyanyuka nimwambie. Haki ya Mungu nilinyanyuka. Bernard akaingia, nikaketi. Tangu hapo sijaacha kunyanyuka na kuketi, moyoni humu."

"Na yule kijana alipofungwa pingu?"

"Leo ningekuja kwako. Umenitangulia. Huniamini, na una haki."

Kalamu ya Couderc ilisimama. Fabrègue alishusha sauti.

"Mama, yote haya kwa nini? Ulitaka nini hasa?"

Honorine alifikiri kama mtu anayetafuta kitu kabatini.

"Mwaka una miezi kumi na miwili. Kumi na mmoja nasikia saa ya ukutani. Halafu siku moja asubuhi nafungua dirisha, mahema yamejaa kule kijitoni, nguo zimeanikwa mpaka kwenye trekta, mtu amekwishaanza kugombana na mtu. Wanakuja jikoni na matope yao. Wananiita mama kwa lugha tano. Nilitaka mtu apige kelele kutoka huko nje aniulize chumvi iko wapi." Akatabasamu kidogo, machozi yakimtoka. "Nimemuua mtoto wa watu kwa chumvi."

Aliweka saini yake bila miwani. Alivua aproni, akaikunja, akaingia mwenyewe katika gari. Wessel, aliyekuwa kando ya kijito na hema lake limekwishafungwa mgongoni kwa safari ya Murcia, alivua kofia gari lilipopita. Honorine hakumwona. Alikuwa amefumba macho.

Bernard alimkimbilia Inspekta uani.

"Haiwezekani! Mama hakuwa mpweke. Mimi niko naye nyumba moja, kila siku ya Mungu. Angetaka jambo, angeniambia."

"Jioni huwa unakula wapi, Bwana Bascoul?"

"Mimi? Sebuleni. Mbele ya televisheni."

"Na yeye?"

Bernard alifungua mdomo. Alitazama dirisha la jikoni, kisha la ghorofani, kisha mikono yake. "Jikoni," alisema. "Au chumbani kwake. Sijui."