Kioo Kinachofuta Watu

Stesheni kuu ilikuwa imefurika asubuhi ile ya Ijumaa, watu wakipishana kama siafu, na katikati yao mpiga picha amepiga goti nyuma ya kamera yake iliyosimama juu ya miguu mitatu. Alivaa suruali ya jinzi iliyopauka magotini na shati la bluu lenye mifuko minne, kila mfuko umevimba. Mbele ya lenzi alikuwa amefunga filta ya kuzungusha, kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Ukikizungusha kidogo, mwanga unapungua kidogo. Ukizidisha, giza linazidi, na kamera inalazimika kukaa macho wazi muda mrefu. Alihesabu nusu dakika. Kwa muda huo, yeyote anayetembea hupita bila kuacha hata kivuli, na ukumbi hutoka mtupu kabisa.

Picha ilipotokea, mtu mmoja alikuwa amebaki. Mrefu, miwani ya fremu nyembamba, shati jeupe lililonyooka kwa pasi, kashika kipande cha boksi kilichoandikwa SHANGAZI.

Mpiga picha akamfuata kumlalamikia kwamba amemharibia kazi kwa kusimama kama nguzo. Yule bwana akaeleza kwa upole kwamba shangazi yake hajamwona tangu ana miaka sita, kwa hiyo hathubutu hata kujikuna, asije akapitwa. Kisha akaomba aione hiyo picha iliyoharibika.

"Watu wote hawa wameenda wapi?"

"Wamo. Ila hawakutulia."

"Basi mwanamume aliyetulia mjini hapa ni mimi peke yangu. Chukua namba yangu kabla wenzako hawajajua."

Mpiga picha akajikuta anacheka, na namba akaichukua. Muda si mrefu shangazi akashuka na masanduku yake matatu, akamkumbatia mpiga picha kwanza, akamshukuru Mungu kwa kumpa mpwa wake mke mwenye mifuko mingi. Hakuna aliyepata moyo wa kumsahihisha.

Bwana yule alikuwa fundi miwani. Mchana, mpiga picha akawa anapitia dukani kwake, na fundi anamfutia vioo vya kamera kwa kitambaa laini, akimtania kwamba mapenzi yao yana vumbi. Yeye alimwita Bi Kamera. Mpiga picha alimwita Nguzo. Haukupita mwezi, fundi akampeleka kwa mama yake, aliyekuwa akiuza maua kwa kutembeza katika uwanja wa zamani katikati ya mji, kikapu mkononi, kutwa nzima. Hakai chini. Alisema muuzaji akikaa, hata maua yanasinzia. Miguu ile ndiyo iliyomsomesha mwanawe.

Mwezi wa tano likatokea bango. Kampuni moja ilitaka uwanja ule ugeuzwe maegesho ya magari, na ombi lilikuwa linakwenda kwenye kamati ya mji. Bango lilionyesha uwanja alasiri: mawe, chemchemi, na hakuna hata kiumbe mmoja. Chini liliandikwa kwamba eneo halitumiki. Kwenye kona lilikuwa na jina la aliyepiga picha.

Fundi alipiga simu akiwa amesimama mbele ya bango lile.

"Picha ya uwanja ni yako?"

"Ni yangu, mpenzi. Umeipenda?"

"Mama yangu yuko wapi humo?"

Mpiga picha alidhani ni utani wao wa siku zote. "Nimemzungushia kioo, akayeyuka," akasema huku akicheka.

Simu ikakatika.

Baadaye aliliona bango, akayasoma maandishi ya chini, ndipo akaelewa. Kampuni ilikuwa imemwambia picha ile ni ya kutundikwa ukutani ofisini mwao, basi. Akapiga simu mara tisa, haikupokelewa. Wiki mbili zikapita, na chakula kikamshinda. Siku ya kumi na tano akaona heri amwendee aliyemkosea hasa. Akaenda uwanjani, akamweleza mama mtu yote bila kujitetea. Mama hakusimama, walizungumza wakitembea.

"Mwanangu, mimi kupitwa na macho ya watu sijaanza leo," mama alisema. "Kilio hakitanisaidia. Kamera unayo?"

Alasiri ile mpiga picha akaisimamisha kamera mahali palepale, saa ileile, akaifungua filta mpaka mwanga ukaingia tele, akapiga kwa kufumba na kufumbua. Alifanya hivyo siku sita mfululizo.

Kamati ilipokaa asubuhi ya Jumatatu, ukumbi ulijaa wauza maua. Mpiga picha aliomba kusema. Alikiri kwamba picha ya bango ni yake, akamkabidhi mwenyekiti ile filta, akamwomba aizungushe mbele ya jicho na aone ukumbi unavyozama gizani. Kisha akaweka picha mbili mezani. "Hapa nilikifunga kioo, na hapa nilikifungua. Watu walikuwepo siku zote mbili. Kosa la kutowaonyesha ni langu, si lao." Katika ile ya pili mama alikuwa katikati, mguu mmoja hewani, kikapu kikifurika rangi.

Ombi likakataliwa. Kampuni nayo ikaacha kumpa kazi mpiga picha siku hiyohiyo, wala hakuisikitikia.

Nje, kwenye ngazi, wauza maua walimpa mashada mpaka mikono ikamjaa, na mama akamshika shavu. Fundi alitoka ukumbini akiwa amevua miwani, anaifuta bila sababu.

"Nilikukatia simu kabla hujamaliza," alisema. "Nisamehe. Leo nimekusikiliza mpaka mwisho, na nataka niendelee kukusikiliza mpaka nizeeke. Utakubali nikuoe?"

Mpiga picha alimtazama, akamtazama mama, akayatazama maua aliyoshindwa kuyabeba. Machozi yakamtangulia.

"Asante," akasema.

"Nakuuliza kama utakubali, unanijibu asante?"

"Asante kwanza, Nguzo. Ndiyo inafuata."